Efrazia na Mabati Manne

Wasikilizaji wapendwa, Mungu awape utulivu mahali mlipo, wa jikoni na wa shambani. Leo namkumbuka Efrazia. Efrazia fundi wa paa. Amefariki hapa Gitega, akiwa na miaka arobaini na minane. Wengi mjini mmemjua kama yule mama anayetembea juu ya nyumba. Mimi nimekwenda mpaka Giteranyi, kule Muyinga, kuuliza watu wake. Walichoniambia si kitamu. Nitakisema hivyo hivyo.

Efrazia alizaliwa Tanzania, wazazi wake wakiwa wakimbizi. Baba yake, mzee Kastori, alikuwa fundi wa paa kambini. Hakuwa na mtoto wa kiume. Basi akampandisha binti yake. Akiwa na miaka saba, Efrazia alishika misumari mdomoni na kumpa baba mmoja mmoja. Akiwa na miaka kumi na tano, alipiga bati peke yake, na baba alikaa chini akivuta tumbaku.

Kisha aliolewa na Longino, mkimbizi mwenzake, mtu wa Giteranyi. Mwaka 2005 walirudi Burundi, kwa mama yake Longino, bibi Melania, ambaye yeye hakuwahi kukimbia. Walikuwa na mtoto mmoja, Zawadi. Mzee Kastori alikuwa ameshakufa, na alimwachia binti yake nyundo.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwetu wazee walisema ni kirazira, yaani ni mwiko, mwanamke kupanda juu ya paa. Mke akipanda, anamwitia mume wake kifo. Efrazia aliyajua hayo. Lakini hakuna aliyemwambia asipande. Longino hakumwambia. Mama mkwe hakumwambia. Alijiambia mwenyewe, siku waliyovuka mpaka. Zawadi anakumbuka maneno ya mama yake: "Huku nitakuwa mke kama wake wengine. Sitaki waseme huyu wa kambini amekuja na vituko." Akachukua nyundo ya baba yake, akaizika ndani ya gunia la mahindi.

Longino ndiye aliyeezeka nyumba yao, kwa mabati waliyopewa wanaorudi. Aliezeka vibaya. Efrazia alisimama chini akaona kila msumari unaokwenda kombo. Akanyamaza.

Mwaka uliofuata Pili alizaliwa, mtoto wa pili. Na mwaka huohuo Longino akafa kwa malaria.

Mwezi wa tisa, mwaka 2007, upepo ukang'oa mabati manne. Manne tu. Waliyaokota kwenye migomba, wakayaegemeza nyuma ya nyumba. Misumari ilikuwepo. Nyundo ilikuwepo. Wasikilizaji wapendwa, kwa Efrazia hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Alikwenda kwa Crispin, shemeji yake, mdogo wa Longino.

"Shemeji, nyumba inavuja."

"Wiki ijayo, mama Zawadi. Mguu iko inaniuma."

Wiki ijayo ikawa mwezi ujao. Mwezi ukawa mwaka. Crispin alipita njiani na baiskeli yake akacheka: "Bon, umepata dirisha la juu! Watu wa Gitega wanalipa pesa nyingi kwa dirisha kama hilo."

Efrazia naye alicheka. Alihamisha vyungu. Alihamisha mkeka. Watoto walilala chini ya shitingi, lile turubai la wakimbizi, na asubuhi nguo za Pili zilikamuliwa maji. Alikuwa mjane, wasikilizaji. Mwiko ule ni wa kumlinda mume, na mume wake alikuwa kaburini. Mimi pia ni mjane, najua jinsi mtu anavyoendelea kuogopa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo tena. Efrazia alingoja wanaume karibu miaka mitatu.

Mwezi wa nne, mwaka 2010, Pili alishikwa na kifua. Alibebwa kwa baiskeli hadi zahanati. Walirudi naye jioni amefunikwa. Alikuwa na miaka minne.

Walipomaliza kuzika, Efrazia alikaa mbele ya mama mkwe, akasema, "Mama, nilikuwa nangoja wanaume waje."

Bibi Melania akamtazama. "Nani alikukataza?"

"Mama?"

"Mi sikukukataza. Mume wako alikufa. Nani alikukataza? Ile nyundo naiona kila nikichota mahindi."

 Hakukuwa na mtu wa kumtaja.

Nilimuuliza bibi Melania mwezi huu, kwa nini aliiona nyundo akanyamaza. Ni mzee sana sasa, haoni vizuri, lakini ulimi uko palepale. Akaniambia: "Mi nilidhani ni ukumbusho wa baba yake tu. Nilidhani hajui kuitumia. Angejua, si angepanda?"

Siku ya tatu ya msiba, watu wamekaa uani. Nyinyi mnajua, siku hizo jembe haliguswi, hakuna kugonga wala kukata. Efrazia akainuka kwenye mkeka. Akaingia ndani, akatoka na nyundo ina vumbi la mahindi. Akafunga kitenge katikati ya miguu. Akayafunga mabati kamba, akapanda, akayavuta.

Alipogonga msumari wa kwanza, wanawake walishika midomo.

Crispin akapiga kelele: "Shuka! Tuko kwenye kilio!"

"Naendelea kulia, shemeji."

"Unatutia aibu! Mtoto hajapoa kaburini!"

"Na alipokuwa analowa, mguu ulikuuma. Leo umekuja mbio."

 Wengine waliondoka kabla ya pombe ya msiba. Kabla ya saa sita, mabati manne yalikuwa yamekaa. Nyumba haijavuja tena mpaka leo. Niliingia, nikaangalia.

Mgeni mmoja hakuondoka. Aboubakar, fundi wa Muyinga mjini, alikuwa amekuja kutoa pole. Alisimama uani, kichwa juu, mpaka msumari wa mwisho. Efrazia aliposhuka, akamuuliza: "Nani alikufundisha, dada?" Tangu avuke mpaka, ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza hivyo. Hapo ndipo alipolia kwa sauti.

Aboubakar alimpa kazi. Akaezeka maduka ya Muyinga, na tangu mwaka 2019 alikuwa huku Gitega, majengo yalipoongezeka. Vijana wa kazini walimpigia kelele: "Mama, shuka upike!" Naye kutoka juu: "Nikishuka, utajificha mvua wapi, chini ya sketi ya mama yako?" Walimpenda. Lakini kule Giteranyi, wanawake waliokuwa kwenye msiba ule hawakumtembelea tena. Hata mmoja.

Walisema paa litamuua. Hakuanguka, wasikilizaji wapendwa. Hakuanguka hata siku moja. Aliugua tumbo, miezi miwili, akaondoka.

Alipokuwa amelala mgonjwa, wageni walimwambia: "Wewe ni mwanamke jasiri. Umetufungulia njia." Alikuwa anageukia ukuta. Zawadi, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili, ameniomba niyaseme maneno ya mama yake bila kuyapunguza. "Usikubali waniite jasiri. Jasiri angepanda Pili akiwa hai. Waambie nilikuwa najua kazi, nikajifanya sijui."

Nimeyasema, Zawadi. Na sitamwita jasiri.

Pole kwako, Zawadi, na watoto wako. Pole bibi Melania. Pole na kwako Crispin, najua redio yako iko wazi. Mungu ampokee Efrazia, na ampe kumwona mtoto wake.

Nanyi mnaonisikiliza, kila mmoja ana kitu anachokijua vizuri, na amekificha ili afanane na wenzake. Usianze kumtafuta aliyekukataza, pengine hutamwona. Nitanyamaza sasa, dakika moja, bila muziki. Katika dakika hiyo mfikirie mtu mmoja tu: yule anayelowa wakati wewe unangoja.