Mlango wa Maduhu Wenye Namba

Kijiwe chetu hapa Kibimba ni gogo la mkaratusi mbele ya banda la pancha la Wiston, tunayemwita Injinia. Kahawa anapika Suzan. Anayejua kila kitu ni mzee Theonest, tumempa jina la Redio, maana hazimiki. Asubuhi ile Maduhu alikaa katikati yetu akitikisa goti. Mkewe Nshoma alikuwa nyumbani na uchungu, na mama yake Maduhu amemtimua, kasema mwanaume hana kazi pale. Gari la wagonjwa alishalipigia simu.

— Hujaenda kulipokea barabarani? Suzan akamuuliza.

— La nini? Nimewapa namba ya nyumba.

Tukatikisa vichwa kwa heshima. Namba yenyewe ni herufi na tarakimu chache, simu inakupa popote uliposimama, hata katikati ya mihogo. Ndiyo iliyoleta gari hilo hadi kwa jirani yetu Scholastika, mvua inamwagika, dereva hakuuliza mtu. Zamani tungemwambia apite daraja, akiona ng'ombe mweupe akate kulia. Na ng'ombe kashauzwa.

— Hiyo ni setilaiti, akasema Redio. Hapa inakuona unavyokunywa.

— Basi inaona na sukari yangu inavyokwenda, akasema Suzan.

— Mimi ng'ombe wangu wote nawapaka namba, akasema Injinia. Mwizi hafiki nao hata hapo Lukole.

— Hata malaika siku ya mwisho hatapotea makaburini, akasema Redio. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Hakuna kati yetu aliyewahi kuiona hiyo tezi ya jahazi, lakini tulikubali.

— Ndiyo maana mimi sikuiacha, akasema Maduhu. Nilivyohama bondeni, ng'ombe walitangulia, mabati yakafuata, na mlango wenye namba nikaubeba mwenyewe kichwani.

— Mwanaume mipango, akasema Redio.

Nami nilimsifu, sitakataa. Mara gari jeupe likapanda kutoka bondeni, matope hadi vioo. Dereva, kijana anaitwa Kazimili, akashuka.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Namba nimeifikia palepale ilipo. Nimekuta kuta nne na mbuzi. Kwani mlango umekwenda wapi?

Redio akamwomba Suzan sukari. Injinia akainamia tairi. Roho iliniuma kumtazama Maduhu, lakini yeye alikuwa keshaingia garini, anamwonyesha Kazimili njia kwa kidole.

Kahawa ilitupoea mikononi. Jua lilikuwa kali Maduhu aliporudi, anacheka huku anafuta macho. Nshoma yuko salama kituo cha afya, na mtoto wa kike. Kazimili alibonyeza simu palepale uani kwake, akampa namba mpya. Sasa anaomba rangi kwa Injinia.

— Unaenda kupaka mlangoni? Injinia akamuuliza.

— Kwenye lile jiwe kubwa la nyuma ya zizi, akasema Maduhu. Nione nitalibeba vipi.