Jina la Atakayeshika Rimoti

Jumanne tarehe tisa Juni, saa kumi na moja alfajiri, mdogo wangu, fundi redio, alifariki. Aliacha mke, na ndege ndogo ya rimoti aliyoiunda mwenyewe, yenye kifaa cha kuifanya ijiendeshe hewani. Siku ya kumi chama chao cha warusha ndege za rimoti kikaleta fomu. Kanuni yao ni hii: ndege inayojiendesha hairuki bila mtu aliyeandikwa jina, anayeiona kwa macho yake, rimoti mkononi, tayari kuiongoza mwenyewe wakati wowote. Jina lisipopatikana kufikia jioni ile, ndege inafutwa kwenye daftari la chama.

Fomu niliipeleka kijiweni, kwenye benchi letu la kahawa. Wivu ukaanzia hapo.

Kinyozi alidai marehemu aliwahi kumshikisha ile rimoti palepale kwenye benchi. Dobi, tunayemwita Mapovu, akasema hilo si kitu. Yeye amefua mashati ya marehemu miaka sita, kwa hiyo ndege inamjua kwa harufu. Kinyozi akajibu kwamba chombo kinachojiendesha humchagua bwana wake chenyewe, kama paka.

— Mimi nitaipeleka taratibu, akasema Mapovu. Mwenda pole hajikwai.

— Ndege ikienda pole inaanguka, ndugu yangu, akajibu kinyozi.

Jina langu nilikwisha kuliandika nyumbani, kwa penseli. Tulinyonya ziwa moja; nani mwingine?

Mara akafika shemeji, mke wa marehemu, ambaye hajawahi kukaa nasi pale. Akatuamkia, akaitazama fomu.

— Shemeji, nani kati yenu amewahi kuitua? akaniuliza.

Sote tulikuwa tumeisikia tu ile ndege kwa hadithi za marehemu.

— Mwaka mzima mume wangu alikuwa haioni ikishapanda, akasema shemeji polepole. Macho yalikwisha. Alinikataza kusema, chama kisije kikamfuta. Nilikuwa naitua mimi.

Mwaka mzima. Nami kila asubuhi nilimpa gazeti, naye akalikunja na kunirudishia, nikadhani halimpendezi. Nilimwonea shemeji wivu: yeye aliambiwa, mimi sikuambiwa. Kisha nikalifuta jina langu, nikaandika lake kwa wino.

Ee Mola, mpokee mdogo wangu. Msamehe alichotuficha, nami unisamehe kwa kutomwuliza. Umlaze mahali pema. Amina.