Mkono Ulioteguka Mapumzikoni

Muuguzi aliyekuwa akirudi kutoka likizo alijiegemeza dirishani mwa basi apate usingizi. Hakuupata, kwa sababu ya wawili waliokaa mbele yake, ambao hata hawakuwa wakijuana.

"Saa sita hizi barabarani, dada, ofisi yetu inasema napumzika," alikuwa akisema fundi wa minara ya simu, mfuko wa kamba mapajani. "Kazi inaanza nikiugusa mnara."

"Lakini si umekaa tu, kaka?" akauliza jirani yake, afisa utumishi wa kampuni nyingine, aliyekuwa akienda kukagua kambi ya wafanyakazi. "Unaweza hata kulala."

Basi likaingia shimoni, kichwa cha fundi kikagonga kioo. "Ndiyo nalala hivi," akasema. Muuguzi akauma mdomo asicheke.

"Juzi gari la kazi lilipinduka nikateguka mkono," fundi akaendelea. "Wakaandika nimeumia mapumzikoni, nijitibu mwenyewe."

"Utaratibu ndio huo. Safari si kazi."

Simu ya afisa ikalia. Sauti ya mtoto ilisikika hadi kwa muuguzi, ikiuliza mama yuko wapi.

"Mama yuko kazini, mwanangu. Nitakupigia nikifika."

Aliirudisha simu mkobani taratibu mno. Fundi alitazama nje kwa adabu kubwa.

Basi likasimama porini, chini ya mnara. Fundi akanyanyua mfuko kwa mkono mmoja, ule mzima.

"Kazi njema, kaka," afisa akamwambia.

"Ahsante, dada. Nawe endelea na yako."