Aliyeigiza Chifu

Mwaka 1977, katika basi la kutoka Kisii kwenda Kenyenya, nilikaa nyuma ya mama mmoja mkulima wa chai na msichana aliyemwambia kwamba anaitwa Kemuma na anasoma chuo kikuu.

"Unasomea nini?" mama aliuliza.

"Kiingereza, mama. Na michezo ya kuigiza imo humo humo."

Mama akacheka. "Kanisa yetu ingesema hiyo ni kazi ya shetani."

Kemuma hakucheka. Alishusha sauti. "Juzi askari waliingia tukifanya mazoezi, wakamchukua mwenzetu aliyeutunga mchezo. Mimi ndiye niliyeigiza chifu mnyang'anyi wa mashamba."

"Basi wacha hiyo mchezo!"

"Nikiacha nitaanguka mtihani. Na maneno yale atayasema nani?"

"Na ukifungwa, mama yako ataambiwa na nani?"

Nilijifanya nimelala. Siku hizo hata kusikia kulikuwa na hatari yake.

Basi liliposimama Masimba, askari wawili walipanda. Kemuma aliinamisha uso. Mama akamwekea kikapu chake cha ndizi mapajani.

"Shika," alinong'ona. "Ukiulizwa, wewe ni mtoto wangu, na tumetoka sokoni."