Ghala Lililokaa Juu ya Ntumba

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Alphonce, Baba Paroko, wazee wetu wote, shikamooni, akina mama mliosimama juani tangu asubuhi, ndugu zetu wa Chala na wa kutoka mjini:

Sisi mafundi wa Kikundi cha Zege Tushikamane, Katandala, Sumbawanga, tunakukaribisha kwa moyo mweupe. Tunajua vumbi la barabara hii, na tunajua upepo wa huku unavyoingia hadi kwenye mifupa. Pole kwa safari.

Risala iliyopitishwa na kamati ya mapokezi ni nyingine. Ile ilikuwa fupi, tamu, na ingekufurahisha. Hii tumeiandika jana. Anayekusomea ni katibu wetu, Dominika, na sauti yake ikikwama njiani tunaomba umvumilie.

Kwa kawaida maombi husomwa mwishoni, mgeni akiwa ameshachoka. Sisi la kwetu tunalitanguliza: tunaomba ghala hili lisifunguliwe leo. Sababu yake ni habari ya mtu mmoja, mwenyekiti wa kikundi chetu, Zenon, mzaliwa wa kijiji hiki, ambaye amekaa pale nyuma karibu na magunia. Tulimwomba aje aisimulie mwenyewe. Akasema, "Someni nyie. Mimi nikifungua mdomo nitalia mbele za watu."

HISTORIA YA KIKUNDI

Kikundi kilianza na Zenon, alipotoka chuo cha ufundi akiwa na beleshi la kuazima na maneno mengi. Wakati huo wengi wetu tulidhani zege ni zege tu: changanya, mwaga, nawa mikono, nenda nyumbani. Yeye ndiye aliyetufundisha kuuogopa udongo wetu. Mfinyanzi huu, Mheshimiwa, kiangazi unakauka na kupasuka hadi mkono mzima unazama kwenye ufa. Masika unakunywa maji, unavimba, na chochote kilichokaa juu yake unakinyanyua.

Alitufundisha kuuchimba wote utoke, kuingiza moramu, changarawe nyekundu isiyovimba, tabaka kwa tabaka, kuimwagia maji na kuishindilia mpaka kisigino kisiache alama. Ndipo umwage jamvi, sakafu ya zege ya kubeba nyumba, na jamvi lenyewe ulifunike kwa magunia yaliyoloa, maana upepo wa Ufipa unakausha zege kabla halijakomaa. Ukiruka hatua, Zenon alikuwa anaketi chini katikati ya kazi, kimya, mpaka irudiwe. Siku hizo tulimwona ana kero kweli kweli. Lakini nyumba zilisimama.

MAFANIKIO

Tumejenga misingi Katandala na Mazwi. Tumejenga sakafu za kuanikia mahindi na za kupuria ulezi, na mabirika ya kunyweshea ng'ombe kwa wenzetu wafugaji. Mzee Malimi, aliyehamia huku kutoka Usukumani na kundi lake, ni shahidi. Birika lake lilipokuwa bado bichi, alileta ng'ombe wanywe. Zenon akasimama kwenye lango la boma, mikono ameitanua.

"Shikamoo, Mzee. Lakini hawapiti."

"Fundi, ng'ombe hawajui kusubiri."

"Basi nitasubiri nao hapa hapa."

Wakasukumana naye, madume yale yenye pembe hizo, naye hakutoka. Mwishowe Mzee Malimi akacheka, akawapeleka mtoni. Birika lile halijavuja hata tone. Tunalitaja ili ujue Zenon ni mtu wa namna gani: hapana yake aliweza kumpa yeyote, mkubwa kwa mdogo. Alikuwepo mtu mmoja tu ambaye hakuweza kumpa.

CHANGAMOTO

Mama yake, Bibi Fransiska, aliishi hapa kijijini katika nyumba ya udongo iliyokuwa ikivuja kila masika. Zenon akaamua kumjengea ya tofali za kuchoma, na sisi sote tukaja kumsaidia. Tulichimba mfinyanzi ukatoka, shimo likawa tayari, tukawa tunalingojea lori la moramu litoke mjini. Bibi akatoka nyuma ya nyumba, jembe begani.

Mheshimiwa, wewe bado mgeni Ufipa, pengine hujaona ntumba. Mvua zikielekea kuisha, mkulima wa huku anaparua nyasi pamoja na udongo wake, anazigeuza na kuzifukia katika vilima vya mviringo, shamba zima. Nyasi zinaozea humo, zinakuwa mbolea, na msimu unaofuata vilima vinatawanywa, ulezi unapandwa. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Bibi Fransiska alikuwa amezilima za kwake mwaka huo, katika uzee ule, bila kumwita mtu.

"Baba," akamwambia mwanawe, "lori la nini? Chukueni ntumba zangu mjazie hapo. Nimezilima mwenyewe. Acha nilale juu ya jasho langu."

Zenon alijua. Tusidanganyane, hakuna aliyejua kama yeye. Nyasi zilizofukiwa zikiendelea kuoza zinaacha uwazi, na udongo unaozizunguka ni mfinyanzi ule ule tuliotoka kuuchimba. Angekuwa mteja, angeketi chini. Lakini kwetu huku, mama akikupa ntumba alizozilima kwa mikono yake, huzikatai. Ukizikataa umemwambia kwamba amezeeka, na nguvu alizobakiza hazina kazi. Alimtazama, ametusimulia, akaona vidole vyake vilivyopinda juu ya mpini, maneno yote ya chuoni yakamwishia.

"Asante, mama," akasema.

Sisi tukatazamana. Tukabeba, tukajaza, tukashindilia kufa na kupona. Kiangazi kile udongo ulikuwa mkavu, ukiugonga unaitika kama jiwe. Tukamwaga jamvi, nyumba ikapanda, bati likaenda juu. Siku ya kuhamia, jumuiya ilisali sebuleni, na Bibi akavua viatu mlangoni asije akaichafua sakafu ya mwanawe. Alicheza siku ile mpaka tukamwonea huruma miguu yake.

Masika yalipoingia, mlango ukaanza kugoma kufunguka. Kisha ufa ukajitokeza chumbani, nyuma ya kitanda, ukapanda hadi dirishani. Mama mwenye mtoto fundi si angetuma neno? Hakutuma. Haya tuliyajua baada ya msiba, kutoka kwa jirani yake, Rozina, ambaye yuko hapa leo. Kila Bibi aliposikia kwamba Zenon anakuja Jumapili, alishuka kijitoni akachota udongo, akauziba ufa kwa vidole, akapaka chokaa, akatundika kalenda ya parokia juu yake. Mlango aliuacha wazi tangu alfajiri, mwanawe asije akaona unavyokwama.

"Nilimwambia, Mama Zenon, mwite mtoto," Rozina alitueleza. "Akanishika mkono. Akasema, 'Ukimwambia, hatalala. Na wenzake watamcheka, fundi mkubwa, nyumba ya mama yake imepasuka. Mwache kwanza apate kazi zake.'"

Na Zenon alikuja, akala ugali na maharage, akazitazama kuta zile.

"Mama, nyumba yako inang'aa kila siku."

"Si umenijengea wewe?"

Akarudi mjini anapiga mluzi. Tulikuwa naye, tulimsikia.

Mwezi wa pili, mchana wa mvua, Bibi Fransiska alikuwa ameketi chini ya ukuta ule anachambua maharage, ukuta ukamwangukia. Tulipofika na bodaboda, matope hadi magotini, majirani walikuwa wameshamtoa na kumfunika kanga. Zenon hakwenda ulipolazwa mwili. Alikwenda kwenye kifusi, akapiga magoti, akaokota kipande cha ukuta. Udongo ulikuwa umekaa tabaka juu ya tabaka, chokaa katikati, na kila tabaka lilikuwa na alama za vidole vya mama yake. Jumapili zote zilikuwa pale mkononi mwake. Alilia, Mheshimiwa, kilio ambacho hatuombi kukisikia tena.

Tangu hapo hajashika beleshi. Kaburi la mama yake hajalijengea, ni udongo na msalaba wa mti. Watu wamesema sana, kwamba fundi zege gani huyu, mama yake amelala hivi hivi. Mke wake anatwambia kwamba usiku anaamka, anapapasa kuta.

Sasa tufike kwenye ghala. Lilijengwa kiangazi kile kile, mara tu baada ya nyumba ya Bibi. Akina mama wa hapa walipoona alivyotoa ntumba zake, nao wakatoa za kwao zijazwe chini ya sakafu hii, ziwe mchango wao wa nguvu kazi. Walizibeba kwa mabeseni kichwani huku wanaimba, wengine na watoto mgongoni. Tulizipokea. Tungewaambia nini, wakati za mwenzao tumeshazipokea? Masika yaliyopita sakafu hii ilinyanyuka katikati, na ukuta wa mashariki ukapasuka. Kamati imeuziba, imepaka rangi, kwa heshima yako. Hatuwalaumu, walitaka ukikumbuke kijiji chao kwa uzuri.

Wiki iliyopita Zenon alikuja kupalilia kaburi, akapita hapa. Aliingia ndani, akatembea polepole, akapiga sakafu kwa kisigino. Akapiga tena. Sauti iliyorudi ilikuwa ya kitu kitupu. Akaenda ukutani akaweka kiganja juu ya rangi mbichi, na Mzee Alphonce akamkuta amesimama hivyo.

"Mwanangu, najua unachotaka kusema," Mwenyekiti akamwambia. "Mgeni yuko njiani. Subiri aondoke."

"Mama naye alikuwa anasubiri niondoke, Mzee."

Mzee Alphonce ndiye aliyeturuhusu jana kuiacha ile risala nyingine. Alisema, "Basi someni hiyo yenu. Mimi nitatazama chini." Tunamshukuru mbele yako, na tunakuomba usimhesabie neno lolote, kwa sababu si rahisi kwa mtu wa cheo chake kukubali jambo hili.

MAOMBI

Ukuta wa mashariki, Mheshimiwa, ndio huo ulio nyuma ya kiti chako, ulipotundikwa kitambaa chenye jina lako. Usishtuke. Jua likiwa hivi hauna neno, tumeupima asubuhi. Unachongojea ni maji, na mawingu umeyaona ulipokuwa unakuja. Magunia ya kijiji yako pale chini ya turubai. Utepe ukikatwa yataingizwa leo leo, na mvua zikianza akina mama watakuwa wanakaa chini ya ukuta huo kupukuchua mahindi, kwa sababu ndipo penye ukavu. Rozina atakuwa mmoja wao.

Tunaomba ukifunue kitambaa hicho kwa mkono wako, utazame. Tunaomba utepe ubaki ulivyo. Tunaomba shule ya kijiji itupe chumba kimoja cha kuhifadhi magunia mpaka tumalize, na wewe utupe kibali cha kubomoa. Moramu tutaitafuta wenyewe na kazi tutaifanya wenyewe, hilo lisikusumbue.

Na akina mama, hili ni lenu. Msidhani tunazitupa ntumba zenu. Tutazichimba kutoka humu chini, tutazirudisha kila mtu shambani kwake kabla ya mvua, mpande ulezi. Zilikuwa zawadi nzuri. Mahali pake ni shambani, sisi ndio tulioziweka pasipo pake.

HITIMISHO

Mheshimiwa, tumekuharibia sherehe, tunajua. Umevaa vizuri, ngoma imekuja kutoka mbali, na wapishi wana sufuria motoni. Chakula kitaliwa, hakuna atakayerudi na njaa. Mungu akubariki wewe na nyumba yako, akupe miaka mingi na usingizi mnono, na awapumzishe waliotutangulia.

Kabla hatujaketi, kuna jambo moja. Zenon amekuja na nyundo kubwa, hiyo iliyolala kwenye magoti yake. Ni chombo cha kwanza cha kazi alichokigusa tangu msiba. Tulimwambia akae kando, sisi tutavunja, yeye yametosha yaliyompata. Akatikisa kichwa.

"Hapana," akasema. "Nitaanza mimi. Ukuta wa mama sikuuwahi."

Anangoja neno lako.

Ni sisi,
Wanachama wa Kikundi cha Zege Tushikamane,
Katandala, Sumbawanga.