Kwa Heshima ya Daktari Tveitan, Aliyegundua Kuwa Kichwa Kimeungana na Mwili

Mheshimiwa Meya, Ndugu Mkurugenzi wa hospitali Bi Hege Solvang, Mchungaji wetu, madaktari bingwa, na madaktari ambao ubingwa wenu bado uko njiani, wauguzi, mlioruhusiwa kukaa leo kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, wazee wangu mliotoka nyandani mlikoacha kulungu wenu wa theluji, ndugu wageni waalikwa: habari za mchana, ingawa jua lenyewe, kama kawaida yake huku kaskazini majira ya baridi, halijaamka.

Nimepewa heshima ya kumsifu Daktari Asbjørn Tveitan, anayestaafu leo, na ambaye jina lake limechongwa juu ya mlango huu ulio nyuma yangu: Kituo cha Tveitan cha Saikolojia ya Afya. Mkurugenzi ameniomba niwe mfupi na niwe na adabu. Nitajitahidi kuwa mfupi.

Nilipoajiriwa hapa, mwanasaikolojia wa kwanza, Daktari alinipokea kwa ukarimu usiosahaulika. Alinipa ofisi iliyokuwa stoo ya ndoo na mafagio, na kwa busara zake hakuwasumbua wenye ndoo waziondoe. "Inga-Sárá," aliniambia, "moyo ni pampu. Pampu haina huzuni." Nani asingependa kufanya kazi chini ya mtu mwenye uhakika kiasi hicho?

Wasomi wamejaza makabati wakibishana saikolojia ya afya ilizaliwa wapi na lini. Sisi huku hatuna ubishi. Kwetu ilizaliwa katika bweni la shule, siku mtoto wa Kisami, wa sisi wenyeji wa kaskazini hii ya Norwe, alipochukuliwa kutoka kwa wazazi wake akaambiwa kwamba lugha ya mama yake ni uchafu na nyimbo za baba yake ni dhambi. Serikali ilikuwa na nia njema, kama kawaida yake. Ilitaka tupone ugonjwa wa kuwa sisi.

Bibi Risten alikuwa mmoja wa watoto hao. Yule pale mstari wa mbele, mwenye shali nyekundu. Ameniruhusu kuyasema haya mradi nisitaje umri wake. Aliletwa hapa majira fulani ya baridi, koo limefunga, chakula hakipiti, amebaki mifupa. Mumewe, Ánte, alikuwa amezama ziwani barafu ilipovunjika, na ziwa halikumrudisha. Tulimpiga bibi picha, tukampitisha mpira kooni, hatukuona kitu. Ndipo Daktari akaja kumhoji mwenyewe, kwa Kinorwe cha mbio kama mtu anayeachwa na feri.

"Bibi, unaumwa?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo huumwi sana?"

"Ndiyo."

"Unajua uko wapi? Uko Oslo?"

"Ndiyo, Daktari."

Uchunguzi huo wa kitaalamu ulimalizika kabla hajavua glavu: bibi amepotewa na akili, apelekwe nyumba ya wazee kule pwani, mbali na watoto wake. Mimi nikatoka kwenye ndoo zangu, nikakaa kitandani kwake, nikamuuliza kwa Kisami mbona anaitikia kila kitu.

"Mwanangu," akasema, "shuleni mwenye koti jeupe akikuuliza jambo ukasema hapana, unalala na njaa. Na huyu naye koti lake si jeupe? Ulitaka nimjibu nini?"

"Na koo, bibi?"

"Mchungaji alimwombea Ánte kwa maneno ya kitabuni. Joiku yake hakuna aliyeitoa. Iko hapa." Akajishika shingo.

Kwa wageni wetu wa kusini: joiku si wimbo wa kumsifu mtu. Ni mtu mwenyewe, akitolewa kwa sauti.

"Si uitoe?"

"Hospitalini? Watanifukuza!"

"Bibi, kwani hawajakufukuza tayari?"

Akacheka. Kisha akafumba macho, akamtoa Ánte. Alianza kwa sauti ya kukwaruza, ikapanda, wodi nzima ikamsikia yule mzee: hatua zake nzito, ukaidi wake, ile tabia yake ya kuchekea mambo peke yake. Mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyewahi kuchunga naye kulungu, akageukia ukutani akalia. Mlango ukafunguliwa.

"Nani kafungulia redio?" akauliza Daktari. Akamsogelea bibi. "Gari la pwani limefika. Uko tayari?"

"Hapana," akasema Bibi Risten.

Daktari akanigeukia kwa masikitiko. "Unaona mwenyewe. Hali inazidi kuwa mbaya."

Siku ile bibi alikunywa supu ya nyama ya kulungu, akadai aongezewe, na gari la pwani likarudi tupu. Daktari akaandika kwamba mgonjwa amepona mwenyewe. Miaka michache baadaye alialikwa Oslo kueleza namna ya kumtibu mtu pamoja na utamaduni wake, mbinu ambayo kufikia hapo ilikuwa imeshapewa jina lake, na picha za rangi. Ukumbi ulisimama kumpigia makofi. Sayansi ilikuwa imegundua kiungo kipya kinachounganisha kichwa na mwili. Nadhani kinaitwa shingo.

Lakini ndugu zangu, mwaka jana Solveig, mke wa Daktari, alifariki. Mnamkumbuka. Wiki chache baada ya mazishi, Daktari alibisha hodi kwangu.

"Kifua kinanibana," akasema. "Vipimo vyote safi. Nadhani mashine zimeharibika."

"Unaendeleaje tangu Solveig atutoke?"

"Vizuri tu."

Akakaa. Ameniruhusu kusimulia yote isipokuwa kwamba alilia. Basi hakulia. Hakulia kwa muda mrefu sana, mpaka karatasi za kufutia machozi zikaniishia. Alipoweza kusema, aliuliza kama Bibi Risten bado yu hai, na kama anaweza kumpokea mtu kama yeye. Bibi alimpokea. Daktari huenda kwake hadi leo. Bibi anasema, "Ni mgumu huyo, lakini si mjinga."

Ndugu Mkurugenzi, umetuambia kwamba kituo hiki kitamsikiliza kila mgonjwa kwa lugha yake. Maneno mazuri sana. Mwezi uliopita ulimfuta kazi Berit-Ánne, mkalimani wetu pekee wa Kisami, ili kwa mshahara wake uzinduzi huu ufane. Umefana kweli; keki nimeionja.

Utepe ule pale, na mkasi uko mezani. Daktari Tveitan amenituma nikwambie hataushika mpaka Berit-Ánne arudi kazini, na kwamba jina lake mlangoni mnaweza kulibandua. Amekaa. Kahawa ipo, viti vipo, na sisi wa nyandani hatuna haraka.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu. Tunasubiri.