Wario Amepanga Mikebe ya Gumato

Benchi yangu iko nyuma ya msikiti, pale barabara ya kutoka Garbatulla inapoingia mjini Isiolo. Kabla hujauliza: ndiyo, kahawa ni ya tangawizi, na hapana, haina maji mengi, ni macho yako. Mimi ndiye mwenye birika. Wateja ni walewale. Koome tunamwita Wakili, kwa sababu aliwahi kuitwa kortini kama shahidi na tangu siku hiyo hajanyamaza. Abdikadir ni Spana, fundi wa jenereta, mtu wa kufungua kitu kizima aone kama kimeharibika. Na Wario ni Mnada, maana ameuza mbuzi tangu ndevu zikiwa nyeusi. Jana alasiri Wario alikuja akitabasamu peke yake, nami sikupenda.

WARIO: Salaam aleikum. Nimiminie ile ya chini, ile nzito. Leo nimefanya kazi.

MIMI: Aleikum salaam. Kazi gani, na mnada ulishaacha?

WARIO: Ya nyumba. Gumato anarudi leo kutoka kwa dada yake Garbatulla. Atashika mdomo! Nimempangia vitu vyake vya albamu.

Hapo lazima nieleze. Gumato, mke wa Wario, ana albamu kubwa ya jamaa yao. Si ya kubandika picha tu. Kando ya kila picha anaweka karatasi ya rangi, utepe, shanga, kipande cha kitambaa, halafu anaandika jina na neno moja au mawili. Alifunzwa na Kiende, fundi wa cherehani wa mtaa wetu. Vifaa vyote vilikaa kwa mikebe ya majani chai chini ya kitanda, na Wario alijigonga nayo kila akitafuta viatu.

WAKILI: Ulipanga aje?

WARIO: Vile tunapanga mnadani, bwana. Mbuzi weupe kivyao, wekundu kivyao, wa madoa kivyao. Mnunuzi akifika, anaona. Sasa vifungo nyeupe zote ziko kwa chupa moja, nyekundu chupa yao. Utepe ya kijani na kijani mwenzake. Rafu mpya ukutani. Ile mikebe nimetupa.

SPANA: Mimi ningepanga kwa saizi. Spana haiulizwi rangi.

WARIO: Wewe hukuona ile mikebe, wallahi. Moja kubwa hivi, unafungua, ndani kuna kifungo moja tu, nyeupe, na uzi yake. Ingine, hereni moja na kipande ya leso. Si ni kumaliza nafasi ya watu?

WAKILI: Hiyo ni ugonjwa. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sasa yeye ana haba moja, vibaba ishirini!

Tukacheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

SPANA: Lakini gundi umeweka wapi?

WARIO: Rafu ya juu.

SPANA: Toa leo! Gundi na hii jua ya Isiolo ni hatari. Inapanda juu kama mvuke, inashuka usiku. Mnaamka mmegandana, wewe na mama na neti.

WAKILI: Gundi si kitu. Shida ni karatasi. Karatasi inaita mchwa. Mchwa wanaita kuku. Kuku wanaita mwewe. Mwewe akizoea hiyo nyumba, Wario, mbuzi zako zimeisha.

MIMI: Mwewe ataingia chumba cha kulala?

WAKILI: Nimewahi kula kiapo mbele ya jaji, unanibishia?

WARIO: Wacheni wivu. Gumato atafurahi. Amekaa sakafuni miaka mingi akipekua hiyo mikebe, mgongo unamuuma. Nilimuonea huruma.

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, akaangalia kikombe chake. Ndipo Kiende akafika, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni.

KIENDE: Habari zenu. Wario, nimetoka kugonga kwako. Gumato amenipigia simu, gari limepita Kula Mawe, sasa linakaribia. Anasema nimtolee mkebe wa Dabasso, nimwekee kila kitu tayari. Leo lazima amalize ule ukurasa, wageni wa dua wauone kesho.

Dabasso alikuwa kifungua mimba wao. Kesho anatimiza mwaka tangu tumzike.

WARIO: Mkebe wa Dabasso ni gani?

KIENDE: Kwani hukujua? Kila mkebe ni wa mtu. Ile hereni na leso ni za harusi ya binti yenu Ikra. Wa Dabasso una kifungo cha shati lake. Mama yake alikikata mwenyewe, siku nguo zake zikitolewa sadaka.

WARIO: Kifungo cheupe.

KIENDE: Eeh. Na uzi wake.

WARIO: Nyuzi nilitoa zote. Nilitaka vikae safi.

Aliinuka bila kuaga. Kwake ni hatua chache tu, na alirudi amekumbatia chupa. Nilisogeza vikombe, akaimwaga kwenye sinia yangu. Vifungo vyeupe vikajaa sinia.

WARIO: Nimepanga vitu vya nyumbani kama vya kuuza.

Huyu Wario, jioni zizini, anajua kila mtoto wa mbuzi na mama yake kwa kuwanusa, hata giza likiingia. Akikosea, mtoto analala njaa. Hajawahi kukosea. Nilitaka kumkumbusha, nikaona uso wake, nikashika birika.

KIENDE: Basi nionyesheni tu. Cha Dabasso ni kipi?

Wakili aliinamia sinia, akavitenga kwa kidole. Spana aliokota kimoja, akakigeuza, akakirudisha taratibu. Kule barabarani gari la Garbatulla likapiga honi. Nikainamisha birika nimwongezee Wario, yakatoka machicha matupu. Hakuangalia. Alikuwa anaokota vifungo kimoja kimoja, anavinusa.